SAFARI ZA MCHORAJI: SAM NTIRO WA MACHAME



Katika nchi zetu za Ziwa wazee husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake ndiye peke yake ajuaye kupika. Na watu wa pwani wana maneno yaliyo kinyume cha hayo, husema: Mtembezi hula miguu yake. Maneno haya mawili hushindana katika nyumba nyingi za Buhaya. Kijana ataka kwenda Mwanza, au Dar es Salaam, au Kampala, au hata ng'ambo, kutafuta elimu na kazi. Baba asema, Nenda ukaone. Mama asema, Huyu atapotea. Hatarudi kwetu, na akirudi atarudi mgeni. Je, ni nani katika hao wawili asemaye kweli?

Katika somo hili twataka kulitafutia jibu swali hilo kwa habari za mchoraji. Sababu ya kumchagua mchoraji ni hii. Mwalimu au mfanya biashara akisafiri, si rahisi kujua safari imemgeuza namna gani, maana mageuzi yake yamo moyoni. Lakini mchoraji huacha alama. Alichokichora baada ya safari chaweza kutundikwa ukutani, na kila mtu akatazama mwenyewe ni kitu gani kilichopatikana, na ni kitu gani kilichopotea.

Mchoraji wetu ni Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, akafa mwaka wa 1993. Walakini kabla ya kumfuata yeye, yafaa tumtazame kwanza fundi mmoja wa Ulaya aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya 450, Albrecht Dürer wa Ujerumani. Huyu aliandika habari nyingi za safari zake, na picha zake nyingi zimehifadhiwa pamoja na miaka yake. Kwa hiyo kwake twaweza kuona wazi jinsi njia iendavyo kazini katika mkono wa fundi. Tukiisha kumwelewa yeye, tutamwelewa vizuri zaidi mtu wa Machame.

1. FUNDI WA NÜRNBERG

Dürer alizaliwa mwaka wa 1471 katika mji wa Nürnberg. Baba yake alikuwa sonara, naye alikuwa mgeni katika mji ule, maana alitoka nchi ya Hungaria. Mtoto alianza kujifunza kazi ya baba yake, lakini moyo wake ulivutwa na kuchora. Ndipo alipowekwa kwa mchoraji Michael Wolgemut mwaka wa 1486, akajifunza kwake kwa muda wa miaka 3.

Siku zile ilikuwa desturi ya mafundi wa Ujerumani kwamba kijana akiisha kujifunza hakuanza kazi yake mwenyewe mara moja. Alitoka kwanza kwenda miji mingine, akafanya kazi kwa mafundi wasiomjua baba yake, akaona jinsi wafanyavyo. Dürer aliondoka mwaka wa 1490, akakaa nje miaka 4. Alitamani sana kumwona Martin Schongauer wa mji wa Colmar, aliyekuwa bingwa wa kuchora kwa kuchimba sahani za shaba na kupiga chapa. Alipofika Colmar alikuta bwana yule amekwisha kufa mwaka wa 1491; walakini ndugu zake walimpokea kwa wema. Hivyo tangu mwanzo alijifunza kwamba msafiri hapati daima kile alichokifuata.

Mwaka wa 1494 alirudi kwao, akamwoa Agnes Frey. Haikupita miezi mingi tauni ikaingia mjini, naye akaondoka tena, akavuka milima ya Alpi kwenda Venice katika Italia. Njiani alichora kwa rangi za maji milima, ngome na mabonde aliyoyaona. Huko Venice aliona jambo lililomshika kwa maisha yake yote. Mafundi wa kwao walichora mwili wa mtu kwa mazoea ya mkono, kama walivyoonyeshwa na waliowatangulia. Waitalia walikuwa na hesabu: walipima kichwa ni sehemu gani ya mwili, na walijua kanuni ya kuifanya nyumba ya mbali ionekane kuwa mbali, ingawa karatasi ni bapa. Dürer alitaka kuijua siri hiyo, na kwa ajili yake alirudi tena Venice mwaka wa 1505, akikopa fedha za safari kwa rafiki yake Willibald Pirckheimer, akakaa mpaka 1507.

Safari hiyo ya pili haikuwa raha tupu. Wachoraji wengine wa Venice walimwonea wivu, wakasema kwamba yeye ni hodari wa kupiga chapa tu, hajui rangi. Alijibu kwa kazi: mwaka wa 1506 aliwachorea wafanya biashara wa Kijerumani wa mji ule picha kubwa ya kanisani, na wale waliomcheka wakanyamaza. Mzee Giovanni Bellini, mkuu wa wachoraji wa Venice, alimsifu mbele ya watu. Naye Dürer alimwandikia rafiki yake kwamba huko aliheshimiwa kama bwana, na kwao alihesabiwa kama mtu alaye vya wenzake bure. Wakuu wa Venice walimwahidi dukati 200 kila mwaka kama angekaa kwao. Hakukaa. Alirudi Nürnberg.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya Uholanzi na nchi za jirani. Kaisari Maximilian, aliyemwekea malipo ya kila mwaka, alikuwa amekufa mwaka wa 1519, na Dürer alihitaji Kaisari mpya Karl ayathibitishe. Akaondoka mwezi wa Julai 1520 pamoja na mkewe Agnes na mtumishi wao Susanna, akichukua michoro yake ya chapa ya kuuza njiani. Katika kitabu cha safari aliandika kila siku alichokula, alichouza, alichotoa na alichoona. Katika Brussels aliona vitu vya dhahabu vilivyoletwa kutoka Mexico, akastaajabia akili za watu wa nchi zile za mbali. Katika Antwerp, mwaka wa 1521, alimchora msichana wa Kiafrika, jina lake Katharina, mwenye umri wa miaka 20, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mwakilishi wa Ureno. Mchoro huo upo hata leo katika mji wa Florence. Macho ya msichana yameelekea chini, na uso wake umechorwa kwa uangalifu ule ule aliowachorea matajiri. Kama Dürer angekaa kwao, asingeweza kumchora hivyo.

Katika safari hiyo hiyo alisikia habari kwamba Martin Luther amekamatwa njiani, akaandika maombolezo marefu, asijue kwamba Luther amefichwa salama na rafiki zake. Alikuwa ametamani kumchora Luther, lakini hakupata kumwona kamwe.

Hapa yatupasa kutazama upande wa pili wa habari. Mwaka wa 1515 kifaru mmoja alifikishwa Lisbon kwa merikebu kutoka Bara Hindi. Dürer hakwenda Lisbon. Aliletewa barua na mchoro mdogo, naye kwa hayo akachonga picha ya kifaru iliyopigwa chapa kwa wingi na kuenea Ulaya yote. Ni picha ya ajabu, lakini ina makosa: mnyama amevikwa mwili mzima mabamba kama askari wa zamani, na mgongoni ameongezewa pembe ndogo ambayo kifaru hana. Watu wa Ulaya waliiamini kwa miaka mingi sana. Aliyemchora msichana kwa kumwona alichora kweli. Aliyemchora kifaru kwa kusikia alichora kifaru cha kusikia.

Wala safari haikumwacha bila gharama. Mwishoni mwa 1520 alikwenda pwani ya Zeeland kumtazama nyangumi aliyetupwa ufuoni. Chombo chake kilikaribia kuzama, na alipofika, maji yalikuwa yamekwisha kumchukua nyangumi. Baada ya hayo alianza kusumbuliwa na homa, na wengi hudhani kwamba aliipata katika mabwawa ya nchi ile. Alirudi Nürnberg mwaka wa 1521, akafa mwaka wa 1528.

Lakini angalieni miaka yake ya mwisho aliitumiaje. Mwaka wa 1525 alitoa kitabu cha kufundisha vipimo, nacho alikiandika kwa Kijerumani, si kwa Kilatini, ili mafundi wa kwao wasiokwenda Venice wayapate aliyoyafuata yeye kwa miguu. Na mwaka wa 1526 aliupa mji wake mbao mbili kubwa, zaidi ya mita 2 kwenda juu, zenye picha za Yohana, Petro, Marko na Paulo, na chini yake maneno ya Maandiko katika tafsiri ya Luther. Katika miili ile mizito na mavazi yale yaliyokunjwa twaona Italia; katika lugha iliyoandikwa chini twaona Nürnberg. Hilo ndilo tunda la safari zake.

2. KUTOKA MACHAME MPAKA MAKERERE

Sasa tuje kwetu. Machame ni nchi ya migomba, kahawa na mifereji ya maji, nayo watu wa Buhaya wangeiona kama nchi ya ndugu. Wamisionari wa Leipzig waliingia huko mwaka wa 1893, na shule zilienea mapema. Walakini kijana wa miaka ya 1940 aliyetaka elimu ya juu hakuipata Tanganyika. Katika Afrika Mashariki yote palikuwa na chuo kimoja tu cha namna hiyo, Makerere, karibu na Kampala. Vijana wa Bukoba walivuka Ziwa kwa meli. Mtu wa Moshi aliweza kupanda gari la moshi, kupita Voi na Nairobi, maana reli ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Katika chuo hicho walikutana watu wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Miaka hiyo hiyo Julius Nyerere naye alikuwa mwanafunzi huko.

Huko Makerere Ntiro alimkuta mwalimu Margaret Trowell, mke wa daktari. Bibi huyu alikuwa amejifunza kuchora katika chuo cha Slade, London. Mwaka wa 1937 alianza kuwafundisha watu wachache nyumbani kwake, na kutokana na mwanzo huo mdogo kukatokea shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye iliitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London; basi picha zilitangulia kusafiri kabla ya wachoraji wenyewe.

Trowell alikuwa na hofu ambayo ni ile ile ya mama tuliyemtaja mwanzo. Aliogopa kwamba Waafrika wakiwekewa picha za Ulaya mbele yao wataziiga, na kile chao kitakufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo njia yake ya kufundisha ilikuwa nyingine. Aliwasimulia wanafunzi habari, ya Maandiko au ya maisha ya kijijini, akawaachia wachore kile walichokiona moyoni mwao. Tena aliwatuma kuvitazama vikapu, vyungu, ngao na mikeka ya nchi kama kazi zenye heshima; kwa miaka kadhaa ndiye aliyeangalia makumbusho ya Uganda.

Yafaa tutambue jambo hili. Safari ya kwanza ya Ntiro, ya kutoka nchi ya Uchagga mpaka Uganda, ilimfikisha kwa mwalimu aliyemwuliza habari za kwao. Kijana aliyekaa Machame haulizwi na mtu jinsi Wachagga wanavyovuna au wanavyojenga, maana kila mtu ayajua hayo. Akiwa Kampala, katikati ya Waganda, Wakikuyu na Waluo, kila desturi ya kwao ilikuwa jambo la kuelezwa. Ndipo mtu aanzapo kuiona. Mwenzake katika shule ile, Gregory Maloba wa Kenya, alishika udongo na kuchonga. Ndiye aliyeifanya sanamu ya Uhuru wa Uganda isimamayo Kampala tangu 1962. Ntiro alishika rangi. Alipomaliza masomo yake akapewa kufundisha pale pale Makerere.

3. MIAKA YA LONDON

Mwaka wa 1952 Ntiro alikwenda Uingereza, akaingia chuo cha Slade, kile kile alichosoma mwalimu wake, akakaa huko mpaka 1955. Slade ni chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1871, sehemu ya chuo kikuu cha London. Mafundisho yake yalisimama juu ya jambo moja zaidi ya yote: kumchora mtu aliye mbele ya macho. Mtu husimama au huketi kimya kwa saa nyingi, na wanafunzi wamzunguka, wakitazama mifupa chini ya ngozi, uzito wa mwili, na kivuli kiangukavyo. Elimu hiyo ni mjukuu wa elimu ile ile Dürer aliyoifuata Venice.

Basi hapa ndipo palipo na jaribu lenyewe. Mtu wa Machame amefika mahali ambapo siri ya Waitalia hutolewa bure darasani. Je, atafanya kama Dürer, airudishe nyumbani?

Jibu tutalipata katika picha. Mwaka wa 1956, mwaka mmoja tu baada ya kumaliza Slade, Ntiro alichora kwa rangi za mafuta picha ya wanaume wachukuao pombe ya ndizi kumpelekea bibi arusi wakati wa usiku. Hakuichora London wala mtu wa London. Na hiyo haikuwa picha moja ya bahati. Kazi zake zote zimejaa mambo ya namna hiyo: watu wavuna, wajenga nyumba, wachunga, wakata migomba, waenda sokoni, na mlima nyuma yao. Watu wake ni wengi, wadogo wadogo, wamechorwa bila vivuli vizito, na nyuso zao hazionyeshwi kwa undani. Hakuna mmoja asimamaye mbele akawafunika wenzake. Aliyevichukua vitu kichwani, aliyeshika jembe, na aliyeinama kuokota, wote wana nafasi yao katika kazi moja.

Wako watakaouliza, Mbona mchungaji asifu picha ya pombe? Siisifu pombe. Nasema juu ya macho ya mchoraji. Kila mtu wa Buhaya ajua kwamba hata kwetu mahari na rubisi zilikwenda pamoja siku zote, na kwamba msafara wa namna ile usiku, wenye watu wanaonong'ona na kukanyaga polepole, si msafara wa walevi, bali ni wa jamaa mbili zinazofungana. Ntiro aliujua uzito wa jambo hilo, ndiyo sababu akalichora.

Basi wako waliomhesabia hayo kuwa upungufu. Walisema, Huyu amekaa Slade miaka 3, na mkono wake haukubadilika. Alichora kama mtu ambaye hakufundishwa. Maneno hayo si ya kupuuzwa, maana ni kweli kwamba mtu atafutaye katika picha za Ntiro ile elimu ya mifupa na vivuli hataiona. Lakini tusihukumu upesi. Mwili mmoja unaosimama peke yake, ukitazamwa kutoka pande zote, wafaa kwa habari ya mtu mmoja. Ntiro hakutaka kusema habari ya mtu mmoja. Alitaka kusema habari ya kijiji kifanyacho kazi. Mimi naona kwamba elimu ya Slade aliisikia na kuielewa, kisha akaamua kwamba haikuwa chombo cha kazi yake, kama vile fundi wa mitumbwi anavyoweza kulitazama tezo zuri la seremala na kulirudisha mahali pake.

Tena iko ishara nyingine ya jinsi moyo wake ulivyokwenda katika miaka ile. Mwaka wa 1953, alipokuwa mwanafunzi London, kilitolewa Nairobi kitabu chake kwa Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mtu aliyekuwa mbali na kwao kwa maelfu ya maili alikuwa akiwaandikia watu habari za kwao. Umbali haukumsahaulisha. Umbali ulimfanya ahesabu kwa uangalifu kile alichokiacha, kama mtu ahesabuye mali yake alipokuwa hayupo nyumbani.

4. PICHA ILIYOKWENDA MBALI KULIKO BARABARA

Alipotoka London alirudi kufundisha Makerere. Mwaka wa 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, ambaye naye alikuwa msafiri: mwaka wa 1954 alipata shahada yake Oxford, wa kwanza miongoni mwa wanawake Waafrika wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu.

Ile picha ya wanaume na pombe ya ndizi ikavuka bahari, ikawekwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, moja ya nyumba kubwa za picha duniani. Hapo twapata fundisho ambalo si rahisi kulitazamia. Kama Ntiro angechora barabara za London jinsi walivyozichora watu wa London, wako mia waliozichora vizuri kuliko yeye. Usiku wa migombani alikuwa nao yeye. Kilichofika mbali kuliko vyote ni kile alichokitoa karibu kuliko vyote.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Ntiro alitumwa London mara ya pili, si mwanafunzi tena, bali Balozi wa nchi yake, akakaa mpaka 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni katika Tanzania, na tena alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi za serikali si kazi za brashi, na saa zilizokwenda katika karamu na barua hazirudi. Walakini aliendelea kuchora, wala hakuacha habari zake zile zile za watu wafanyao kazi pamoja.

5. TUWALINGANISHE

Tukiwaweka wachoraji hawa wawili pamoja, twaona tofauti kubwa. Dürer alisafiri kuchukua kitu ambacho kwao hakikuwapo, akakileta, akawagawia wenzake. Mkono wake uligeuka. Ntiro alisafiri mbali kuliko Dürer, akaona mengi, na mkono wake ukabaki kuwa wa Machame. Kwa mmoja safari ilikuwa ghala ya kujaza. Kwa mwingine ilikuwa mlima wa kupanda ili aone kwao kote kwa mara moja. Nani aliyefanya vema? Naona wote wawili walifanya vema, kwa kuwa kila mmoja alijua anahitaji nini. Nürnberg ilipungukiwa na vipimo. Machame haikupungukiwa na habari. Ilipungukiwa na mtu wa kuzichora.

Tena wana mambo matatu yanayowaunganisha. La kwanza, kila mmoja aliondoka akiwa na ufundi mkononi. Dürer alikuwa amemaliza miaka yake kwa Wolgemut, na Ntiro alikuwa mwalimu kabla ya kwenda London. La pili, kila mmoja alisifiwa ugenini, na Dürer hata alihongwa abaki, lakini wote wawili walirudi. La tatu, waliporudi walifundisha. Safari ya mtu mmoja ikawa mali ya wengi.

Na mali hiyo huzaa. Kijana mwingine wa Kilimanjaro, Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka wa 1932, alifuata njia ile ile ya Makerere. Mwaka wa 1959 alimaliza kuchora katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, picha kubwa tano za maisha ya Bwana Yesu, na nchi inayoonekana humo ni nchi ya Wakikuyu, pamoja na vilima na watu wake. Mtu wa Tanganyika, aliyefundishwa Uganda, alichora Kenya katika kanisa la watu waliotoka katika vita na misiba mikubwa. Hatua kama hizo zisingewezekana kama wote wangekaa nyumbani.

Basi tulirudie swali la baba na mama. Baba asema kweli, kwamba mtoto aende akaone. Kifaru cha Dürer chashuhudia hayo. Mama naye asema kweli, kwamba iko hatari ya kupotea. Lakini hatari haimo katika maili. Imo katika kuondoka mikono mitupu. Kijana asiyejua kusuka mkeka wa kwao, wala jina la aina moja ya ndizi, wala habari moja ya babu yake, huyo akifika mjini hana kitu cha kulinganisha na kile akionacho, ataiga tu. Lakini aliyefundishwa vema kwao, mpelekeni London ikiwa njia yafunguka. Na ninyi mnaobaki, mkimwona amerudi, msimwulize kwanza amewaletea nini. Mwulizeni ameona nini, kisha mpeni nafasi ya kufundisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Wainjilisti na walimu wanaosoma somo hili pamoja na vijana waweza kutumia maswali haya:

1. Dürer alipata nini Venice ambacho kwao hakikuwapo? Je, katika kazi za mikono za Buhaya ni jambo gani tunalopungukiwa, ambalo ingefaa mtu atoke akajifunze?

2. Ntiro alijifunza Slade miaka 3, wala hakuchora kwa namna ya Slade. Je, elimu ambayo mtu haitumii ni elimu iliyopotea? Toeni sababu.

3. Kwa nini picha ya kifaru ina makosa, na mchoro wa Katharina ni wa kweli? Tafuteni mfano mwingine wa jambo tuliloliamini kwa kusikia.

4. Kama mchoraji angekuja leo katika kijiji chenu, ni kazi gani ya watu wengi pamoja ambayo mngependa aichore kabla haijasahauliwa? Ni nani kati ya vijana wenu awezaye kuanza kuichora sasa?